Cherahani Ikihama, Mshonaji Hubaki na Nini?

Kuna sheria ya Marekani ya kuwasaidia wafanyakazi wa viwandani ambayo inatugusa sisi wa Changamwe na Mikindani, ingawa haikuandikwa kwa ajili yetu. Wacha nieleze.

Mwaka 1962, enzi ya Rais John F. Kennedy, Marekani ilipitisha sheria ya kupanua biashara na nchi za nje. Ndani yake ikaweka msaada kwa wafanyakazi watakaopoteza kazi kwa sababu ya biashara hiyo. Fikra ilikuwa nyepesi: ikiwa nchi nzima inafaidi bidhaa za bei nafuu, yule aliyelipia unafuu huo kwa kazi yake ana haki ya kudai. Ila masharti yalikuwa magumu hata ikafika 1969 ndipo kundi la kwanza la wafanyakazi likakubaliwa. Sheria ya 1974 ikalegeza kidogo.

Ilipofanyiwa marekebisho 2002, ndipo sisi tukaingia. Kiwanda kikihamishia kazi yake katika nchi zenye nafuu fulani za kibiashara na Marekani, walioachwa nyuma waliruhusiwa kuomba msaada. Miongoni mwa nafuu zilizotajwa kwa jina ni AGOA, ile ya mwaka 2000 iliyoingiza nguo zetu Marekani bila ushuru. Yaani mama wa Kimarekani aliyekuwa akishona suruali za jinzi, kazi yake ikiletwa EPZ hapa Mombasa, alikuwa na mlango wa kubisha.

Wafanyakazi 3 tu walitosha kupeleka ombi Wizara ya Kazi. Wizara ikichunguza na kukubali, kila aliyeathirika alilipiwa mafunzo ya kazi nyingine, na alipewa pesa za kila wiki akiwa masomoni baada ya bima yake ya kukosa kazi kwisha. Katika toleo la 2015, ukijumlisha na bima hiyo, malipo yangeweza kufika wiki 130. Aliyetimiza miaka 50 akapata kazi ya mshahara mdogo, serikali ilimfidia nusu ya pengo. Aliyekuwa akipata dola 40,000 kwa mwaka, sasa anapata 30,000, aliongezewa 5,000 kwa mwaka, kwa miaka 2.

Siwasifu kupita kiasi. Kumwambia mshonaji wa miaka 55 ajifunze kompyuta katika mji ambao viwanda vyote vimefungwa ni faraja ndogo. Isitoshe, muda wa mpango huo ulikwisha, na tangu Julai 1, 2022 maombi mapya yakasimamishwa.

Sasa geuza macho huku kwetu. Viwanda vilivyokuja kwa AGOA vinaweza kuondoka vile vile. Januari 2005, mgao wa kimataifa wa biashara ya nguo ulipoondolewa na Asia ikapata uwanja mpana, baadhi ya viwanda vya EPZ nchini vilifunga milango. Septemba 2025 muda wa AGOA wenyewe ukafika ukingoni, na mitaani kwetu hofu ikawa ile ile.

Kinga ya mshonaji wetu ni kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Mwajiri anayepunguza watu lazima atoe taarifa ya mwezi mmoja kabla, na afisa wa leba ajulishwe. Kisha alipe siku za likizo zilizobaki, na mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia. Tuseme mshahara wako ni shilingi 18,000 na umefanya kazi miaka 6. Siku 15 ni kama 9,000. Mara 6, ni 54,000. Usikubali bahasha ya nauli ukaambiwa ndiyo haki yako.

Tatizo ni kwamba mwenye kulipa ni mwajiri. Mashine zikishapakiwa kwenye kontena na mwenyewe yuko Dubai, utamdai nani? Na kuna wale wa mikataba ya miezi michache inayosainiwa upya kila mara. Hao huambiwa hawakufutwa, ni mkataba tu umekwisha.

Mwekezaji wa EPZ husamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10. Mimi naona ni halali wabunge wetu wa Pwani wadai sehemu ndogo ya neema hiyo iwekwe kando tangu siku ya kwanza, iwe amana ya kuwalipa wafanyakazi siku mwekezaji atakapofunga virago. Hiyo haihitaji mikutano ya Nairobi ya mwaka mzima.

Kwa sasa, wewe uliye kazini hifadhi nyumbani nakala ya kila mkataba na kila karatasi ya mshahara, hasa ile ya mwezi wa kwanza. Ukiachishwa, nenda ofisi ya leba mapema, kwa sababu dai la ajira likipita miaka 3 mahakama hailipokei.