Kwani Uingereza haiko Ulaya? Muulize Mwingereza uone

Mwaka jana nilikuwa na mteja mmoja wa Leeds, mzee mpole hivi. Kama hujui, mimi hula kwa kuandika: tangu niache chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma, nimekuwa nikisikiliza rekodi za mikutano ya watu wa ng'ambo na kuziandika neno kwa neno, malipo kwa dakika. Siku moja kabla hajanitumia kazi nikaona si vibaya kumpigia stori kidogo. Nikamuuliza hali ya hewa huko Ulaya ikoje.

Akajibu: "Nasikia Ulaya ni jua kali wiki hii. Hapa kwetu ni mvua tu."

Nilisoma mara mbili. Kisha nikafungua ramani kwa simu, si eti sikuwa najua, lakini wewe mwenyewe unajua kuna mtu anaweza kuongea kwa uhakika hadi utilie shaka jina lako. Kisiwa kilikuwa palepale, juu kidogo ya Ufaransa. Hakikuwa kimehama.

Ukitaka kumwelewa huyu mzee, usianzie London. Anzia Mombasa. Mtu wa kisiwani akikuuliza kama wewe ni wa bara, haulizi kama unatoka bara la Afrika. Bara yake inaanza hapo tu ng'ambo ya Makupa. Waingereza nao wana neno lao la namna hiyo. Wakisema "Bara" wanamaanisha Wafaransa, Wajerumani, Wahispania na wengine wote wa upande ule wa maji. Hata hoteli zao zina kiamsha kinywa cha "Bara": mkate, jamu, kahawa, basi. Ukitaka mayai, soseji na maharagwe, agiza kile cha Kiingereza.

Ama panda basi uende Moyale au Wajir uwaambie watu umetoka Nairobi. Utaulizwa habari za Kenya. Wana kitambulisho cha Kenya, wanapiga kura Kenya, lakini "Kenya" ni mahali kwingine kule chini. Tofauti ni kwamba wa Moyale walisukumwa kando na hiyo Kenya miaka mingi. Waingereza walijiweka kando wenyewe.

Cha kuchekesha ni kwamba sisi hatujawahi kuwa na shida hii. Kwa babu zetu, aliyeenda London "ameenda Ulaya", kesi imeisha. Na neno lenyewe lina historia tamu. Lilitoka kwa Kiarabu, kwa neno lile lile lililotupa wilaya, ile ya DC. Kule India likawa vilayat, na watu wakalitumia kwa Uingereza. Askari wa Kiingereza waliokaa India wakarudi nalo kwao likiwa limepindwa midomoni, likawa Blighty, jina la mapenzi la nyumbani. Kwa hivyo Mwingereza akikumbuka kwao na kusema Blighty, ukichimba mizizi, anasema Ulaya. Hajui tu.

Hata maji yenyewe si mengi. Pale Dover, pahali pembamba kabisa, bahari ni kilomita 33 hivi. Nairobi hadi Thika ni mbali kuliko hapo. Siku isiyo na ukungu unasimama Dover na kuiona Ufaransa kwa macho. Zamani za kale hapakuwa hata na bahari. Miaka kama 8,000 iliyopita ndipo maji yalipomaliza kufunika ile nchi kavu ambayo watu walikuwa wakiipita kwa miguu. Na tangu 1994 kuna handaki chini ya bahari: treni kutoka London hadi Paris ni saa mbili na dakika kidogo, muda ambao matatu ya Rongai inaweza kukumaliza nao kwa jam ya Ijumaa.

Damu nayo? Mfalme waliyemleta 1714, George wa Kwanza, alikuwa Mjerumani wa Hanover na Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Familia ya kifalme ilikuwa na jina la Kijerumani hadi 1917, vita vikiwa vimechacha, ndipo ikajibatiza Windsor, jina la kasri. Kwa hivyo kwa ardhi, kwa damu na kwa lugha, hawa ni watu wa Ulaya. Swali ni kama wenyewe wanajihesabu.

Hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu jibu hubadilika kulingana na nani anauliza na siku gani. Churchill alisimama Zurich mwaka wa 1946 akawahimiza watu wa Ulaya waungane wawe kitu kimoja. Safi. Lakini Uingereza aliiweka pembeni, kama rafiki wa kuwaunga mkono, kama yule mjomba anayechangia harusi na hataki kukaa meza ya familia. Walipokuja kubadilisha nia na kubisha mlango wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, Rais de Gaulle wa Ufaransa aliwafungia mara mbili, 1963 na 1967. Waliingia Januari 1973. Miaka miwili baadaye wakapiga kura ya maoni kuamua kama watabaki, na asilimia 67 wakasema ndiyo. Margaret Thatcher mwenyewe alizunguka akipigia debe upande wa kubaki, amevaa sweta yenye bendera za nchi wanachama. Ndiyo, huyo huyo Thatcher ambaye 1988 alienda Bruges kuwachapa watu wa Ulaya kwa hotuba kali.

Walikaa ndani miaka 47 na mguu mmoja mlangoni. Hawakuchukua sarafu ya yuro. Hawakuingia Schengen. Kura za maoni zilizofanywa nchi zote wanachama ziliwaweka Waingereza miongoni mwa wa mwisho kabisa kujiita watu wa Ulaya.

Sasa tuje mpira, kwa sababu najua uko hapa kwa mpira. Msikilize mtangazaji yeyote wa Ligi Kuu mwezi wa tano: timu fulani inapigania "kucheza Ulaya". Tafakari hiyo sentensi. Klabu ya Newcastle au Aston Villa inatafuta nafasi ya kwenda Ulaya, kama vile saa hii iko Asia. Na sisi huku base tunarudia hivyo hivyo, "msimu ujao tuko Ulaya", mtu amesimama Githurai na chapo mkononi.

Hii kitu ilianza kitambo. Mwaka wa 1955 Chelsea walishinda ligi na kukaribishwa kwenye shindano jipya la mabingwa wa Ulaya. Wakuu wa ligi wakawashauri wakatae. Ratiba ya nyumbani ndiyo ya maana. Wakakaa nje. Mwaka uliofuata Matt Busby wa Manchester United hakutaka kusikia hayo, akaingiza vijana wake. Februari 1958, wakirudi kutoka mechi ya Belgrade, ndege yao ilianguka Munich. Watu 23 walikufa, wanane kati yao wachezaji. Miaka kumi baadaye Busby alibeba lile kombe Wembley. (Shabiki wa Celtic, usinitumie matusi, najua mlitangulia 1967. Kiswahili chetu hufunga Waskoti, watu wa Wales na Waingereza kwa gunia moja, na wao hawapendi.)

Kisha 1985, uwanja wa Heysel, Ubelgiji, kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus: ghasia, ukuta ukaanguka, watu 39 wakafa, wengi wao Waitalia. Klabu za Uingereza zikafungiwa nje ya mashindano ya Ulaya miaka mitano, Liverpool sita. Ongea na shabiki wa umri ule uskie. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kuwafanya watu wale watamani Ulaya kama ile adhabu.

Ndiyo maana nasema siasa iliondoka Ulaya lakini mpira haukuondoka. UEFA si Umoja wa Ulaya. Hata Eurovision bado wanaimba: 2021 walipata sufuri, yaani sufuri kabisa, 2022 wakawa wa pili, 2023 shindano likafanyika Liverpool kwa niaba ya Ukraine kwa sababu ya vita, na mji mzima ukasherehekea. Kilichobadilika ni karatasi. Tangu 2021 klabu ya Uingereza haiwezi kusajili kijana wa Ulaya hadi afikishe miaka 18, na hata mtu mzima lazima ahesabiwe pointi ndipo apate kibali. Cesc Fàbregas alitua Arsenal akiwa na miaka 16. Leo angerudishwa Barcelona.

Kura yenyewe unaikumbuka: Juni 23, 2016, asilimia 51.9 wakasema watoke, 48.1 wakasema wabaki. Milioni 17.4 dhidi ya milioni 16.1. Scotland, asilimia 62 walitaka kubaki. Ireland Kaskazini, karibu 56. London, karibu 60. Lakini mimi nilikwama kwa umri. Makadirio ya kura yanaonyesha kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24 waliopiga kura, zaidi ya saba kwa kila kumi walitaka kubaki. Waliovuka 65, wengi walitaka kutoka. Wa miaka 16 na 17 hawakupewa debe, na hali huko Scotland wenzao walikuwa wameruhusiwa kupiga kura ya uhuru 2014. Unaona wewe mwenye miaka 22: umezaliwa ukiwa na haki ya kusoma Madrid na kufanya kazi Berlin bila kuomba mtu, kisha asubuhi moja wazee wameirudisha. Kama kuna kitu kijana wa Nairobi anaweza kuelewa bila kutafsiriwa, ni hicho.

Na hapo pakatokea kitu sikutarajia. Watu waliokuwa hawajawahi kujiita wa Ulaya wakaanza kupaka nyuso rangi ya bluu na nyota za njano. Maandamano ya London ya 2018 na 2019 yalijaza barabara kwa mamia ya maelfu. Wenye nyanya wa Ireland wakamkumbuka ghafla, maombi ya paspoti za Ireland yakapanda. Kwa upande mwingine walirudisha paspoti yao ya bluu ya zamani, alama ya kujitawala. Ikachapishwa Poland. Siongezi chumvi.

Siku hizi kura za maoni zinaonyesha zaidi ya nusu wanaona kutoka lilikuwa kosa. Lakini kujuta si sawa na kujiita mtu wa Ulaya, na mzee wangu wa Leeds ni ushahidi. Nilimuuliza alipiga kura gani. Alitaka wabaki! Bado anasema "Ulaya" kama mtu anayetaja mtaa wa jirani.

Labda utaniuliza inakuhusu nini. Muulize binamu yangu. Ni nesi, yuko huko huko kaskazini ya Uingereza, na dadake mdogo aliolewa Hamburg mwaka jana. Alikuwa amenunua gauni na kumwahidi mathe picha. Viza yake ya kufanya kazi Uingereza haimvushi hayo maji. Anahitaji ya Schengen, na angeihitaji hata kabla ya Brexit kwa sababu ule mguu mlangoni haukuwahi kuingia. Kila akifungua ukurasa wa miadi, tarehe zimejaa. Harusi aliitazama kwa simu, kwa chumba cha mapumziko kazini, sauti ikikatika. "Saa moja na nusu kwa ndege," aliniambia. "Bora ningebaki Kisii, angalau ningejua kwa nini niko mbali."

Muulize pia anayefunga maua Naivasha. Ua likienda London na ua likienda Amsterdam yalikuwa yakisafiri chini ya mpango mmoja wa biashara. Uingereza ilipotoka, Kenya ililazimika kuandikishana nayo mkataba wake peke yake, uliotiwa saini Desemba 2020. Ule wa Umoja wa Ulaya ulitiwa saini Desemba 2023 na kuanza kazi Julai 2024. Kwa babu yangu ilikuwa Ulaya moja. Kwa wizara ya biashara ni faili mbili.

Mwezi wa nane mzee wangu wa Leeds aliniandikia kwamba kazi itasimama kidogo. "Niko Ulaya wiki mbili na mke wangu." Ilikuwa Uhispania. Nikamwambia asalimie Ulaya.

Aliporudi alilipa dakika zangu zote, lakini alikuwa na hasira bado. Uwanja wa ndege kule, Wajerumani na Waholanzi walipita laini yao fupi huku wanaongea. Yeye na mkewe walielekezwa kwa ile ndefu, ya paspoti za mbali, saa nzima wamesimama na zile za bluu mkononi.

"Walituweka na wageni," akaniandikia.