Pedi za gemu na mafundi wa Karagwe na Kyerwa

Pedi ndiyo inayokufa kwanza katika kibanda cha gemu. Mashine ya PlayStation 2, iliyotoka Japani mwaka 2000, huweza kudumu miaka mingi. Pedi yake, inayoshikwa na vijana tofauti kutwa nzima, haiwezi. Katika miji midogo ya Karagwe na Kyerwa kama Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Murongo, duka la vipuri vya gemu haliko jirani, hivyo kazi humwangukia fundi redio au fundi simu.

Ugonjwa wa kwanza ni waya. Hukatika karibu na shingo ya pedi, pale mchezaji anapouvuta akishangilia bao. Plagi ya PlayStation 2 ina pini 9, na nyaya zinazotumika ni 8. Mmoja hubeba umeme wa kompyuta ya pedi, volti 3 na ushee. Mwingine hubeba zaidi ya volti 7 za kuendesha mota za mtetemo. Nyaya hizo mbili zikibadilishana, pedi imekwisha. Pedi za kuiga hazifuati rangi za nyaya za pedi halisi, kwa hiyo fundi makini hupima kila waya kwa mita kabla ya kulehemu.

Ugonjwa wa pili ni vitufe. Chini ya kila kitufe kuna raba yenye kaboni inayogusa utando wa saketi. Jasho na vumbi huziba, na spiriti kidogo husafisha. Kaboni ikiisha, wapo wanaobandika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kitufe huamka, lakini hakipimi tena nguvu ya kidole, jambo ambalo pedi halisi ya mashine hiyo hulifanya. Kuhamisha raba kutoka pedi iliyokufa ni tiba bora zaidi.

Vijiti vya kuelekezea ndivyo vyenye kazi ngumu. Kila kijiti kina vipimo viwili vya ukinzani, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini. Kijiti kikitulia katikati, mashine husoma namba iliyo karibu na 128 kati ya 0 na 255. Kaboni ya ndani ikilika, namba huhama, na mchezaji kwenye skrini hutembea bila kuguswa. Vijiti vipya vinavyotumia sumaku havisuguani, hivyo huepuka tatizo hilo.

Anayeelewa hayo anaweza kuunda pedi yake mwenyewe. Kitufe ni swichi tu: nyaya mbili zikilehemiwa kwenye saketi ya pedi ya zamani, swichi inaweza kuwekwa kwenye sanduku la mbao ya mkaratusi, au sakafuni ibonyezwe kwa mguu. Hilo lina thamani kubwa kwa kijana mwenye mkono mmoja, anayestahili kucheza na wenzake. Microsoft ilifuata wazo hilo mwaka 2018 ilipotoa pedi ya watu wenye ulemavu, yenye matundu ya milimita 3.5 ya kuchomekea swichi za nje. Kwa kompyuta, kibao kidogo cha Arduino Leonardo huweza kujitambulisha kama pedi na kusoma swichi zozote.

Umeme nao una lake. Mkoa wa Kagera ulitegemea kwa miaka mingi umeme wa Uganda, na mwaka 2023 ulizinduliwa mradi wa pamoja wa Kikagati–Murongo, megawati 14, kwenye Mto Kagera mpakani mwa Kyerwa. Mahali palipo mbali na nguzo za umeme, sola ndiyo tegemeo. PlayStation 2 nyembamba yenye adapta ya nje hutumia volti 8.5, basi betri ya volti 12 haiunganishwi moja kwa moja. Lazima kuwe na kifaa cha kushusha volti, la sivyo mashine huungua.

Wenye vibanda wasitupe pedi zilizokufa migombani. Wazipeleke kwa fundi: raba, vijiti na plagi zake ndizo vipuri vya pedi zilizobaki.