Bluzi na picha Bura: nani atalipa?

Anayetaka kuandaa jioni ya muziki wa bluzi na maonyesho ya picha za mtaani Bura, upande wa Garissa, atapotea mapema akianza na hesabu ya tiketi. Biashara ya burudani kaunti hii ipo, tena ya siku nyingi, ila mlipaji wake si msikilizaji. Ni familia yenye arusi. Yenyewe ndiyo hukodi hema, viti, spika na jenereta, na humlipa mpiga picha. Mgeni haulizwi tiketi. Anakula, na akipendezwa na buraanbur, ushairi wa kuimbwa na kuchezwa wa akina mama wa Kisomali, anatuza kwa hiari yake. Kwa hiyo mwanamuziki na mpiga picha wamekwisha kuzoea kupata riziki katika jioni moja. Anayekosekana ni wa kusimama mahali pa mwenye arusi.

Mifano ya Kenya inaelekea huko huko. Picha Mtaani, maonyesho aliyoyaanzisha Boniface Mwangi kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, yalitembezwa mijini kuanzia 2009 na watu wakatazama bure, kwa kuwa gharama zilibebwa na wafadhili. Gargar, kundi la wanawake wa Garissa, lilitoa albamu yake, Garissa Express, kupitia Ketebul Music ya Nairobi. Sauti ni ya hapa, mtaji umetoka mbali. Ufadhili una ubaya wake, nakubali: mfadhili akiondoka, shughuli hufa. Ndiyo maana naona mlipaji wa kwanza awe kaunti. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, na jukwaa moja, taa moja na jenereta moja kwa sanaa mbili ni matumizi yanayoweza kutetewa hata mbele ya bunge la kaunti lenye madai ya maji na barabara. Wafanyabiashara wa mifugo wa Garissa wafuate, kwa kubandika majina yao pale watu walipokusanyika.

Wapo watakaosema bluzi ni ya wageni. Sikio la Msomali halitasema hivyo: qaraami, nyimbo za mapenzi zinazopigwa kwa udi, hutembea juu ya noti tano, na bluzi nayo imejengwa juu ya skeli ya namna hiyo. Pingamizi zito zaidi ni la picha. Wengi hawataki sura zao, hasa za wake na binti zao, zitundikwe hadharani, na sheria iko upande wao. Septemba 2023, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, klabu moja ya Nairobi iliamriwa kulipa shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini. Faini ya namna hiyo ingemeza bajeti ya jioni nzima na kubakisha deni. Basi idhini ya maandishi iingizwe katika gharama kama mafuta ya jenereta, na aliyepigwa picha apewe nakala yake. Wanawake watengewe mahali pao, saa zisigongane na sala, na Ramadhani iachwe. Mwandaaji asiyeweza kugharamia hayo asichapishe bango.