Siku za Mwisho za Mimba na Arobaini ya Mzazi: Mazungumzo ya Kina Mama wa Sanje

Sanje ni kijiji kilicho chini ya Milima ya Udzungwa, katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Juu yake yapo maporomoko ya maji yenye kimo cha mita 170 hivi. Chini yake bonde la miwa na mpunga hutandaa kuelekea mtoni. Jina la kijiji hiki liliingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1979, wakati watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walipotambua, katika msitu ulio juu yake, aina ya kima ambaye hakupata kuandikwa popote. Wenyeji, hata hivyo, walikuwa wakimjua mnyama huyo kwa jina lake, ngolaga. Kisa hiki kina funzo kubwa: ujuzi waweza kukaa katika mazungumzo ya watu muda mrefu kabla haujaingia kitabuni. Kazi ya sayansi ni kuupima, kuuthibitisha, na kuutenga na yale yasiyo kweli.

Funzo hilo hufaa pia kwa mazungumzo ya aina nyingine. Siku ya kliniki, wajawazito wa Sanje, kama wenzao wa kila mahali nchini, hukaa pamoja wakisubiri zamu. Mwenye mimba ya kwanza humwuliza aliyekwisha kuzaa mara nne: Mbona miguu inavimba? Mbona usiku hakuna usingizi? Uchungu wa kweli hutambulikaje? Na baada ya kuzaa, mzazi ale nini, alale vipi, na apumzike kwa muda gani? Wapo wanaoyadharau mazungumzo hayo na kuyaita porojo. Lakini ndani yake yamo mambo ya kweli ambayo elimu ya mwili inayaunga mkono, na yamo mengine yanayoweza kumpoteza mama au mtoto. Hapana budi kuyachambua.

Miezi ya mwisho

Ushauri mmoja unaosikika sana ni huu: mjamzito asilale chali, bali ubavu. Ushauri huo ni sahihi. Nyuma ya mji wa mimba, kando ya uti wa mgongo, hupita mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni hadi moyoni. Mama alalapo chali katika miezi ya mwisho, uzito wa mimba huukandamiza mshipa huo. Damu inayofika moyoni hupungua, mama huona kizunguzungu, na mtoto naye hupata damu pungufu. Alalapo ubavu, mshipa huachiwa.

Kuvimba kwa miguu jioni, baada ya kusimama au kutembea kutwa, ni jambo la kawaida kwa sababu iyo hiyo. Lakini hapa mazungumzo ya kina mama huhitaji tahadhari. Ikiwa uso na mikono navyo vinavimba ghafla, kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, au pana maumivu makali chini ya kifua, hiyo huenda ikawa dalili ya kupanda kwa shinikizo la damu kunakoletwa na mimba. Kipimo cha 140/90 au zaidi, baada ya wiki ya 20, huhitaji kuangaliwa na mganga, na mkojo hupimwa kama una protini. Ugonjwa huo usipotibiwa waweza kufikia kifafa cha mimba. Mahali pengi degedege la namna hiyo hudhaniwa kuwa ni kazi ya pepo, na saa zenye thamani hupotea kwa kumtafuta wa kumpunga. Kumbe ipo dawa ya bei nafuu, magnesia salfeti. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi nyingi na kutangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu.

Kuna usemi mwingine kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia, kwa hiyo mama asijali asipomsikia akicheza. Usemi huo ni wa hatari. Ni kweli kwamba nafasi inapokuwa ndogo mtoto hubadili namna ya kujinyosha, lakini hapaswi kunyamaza. Mama anayeona kuwa mtoto wake amepunguza kucheza kuliko ilivyo desturi yake na aende kliniki siku hiyo hiyo, asingoje kesho.

Kuhusu chakula, mahali pengi mjamzito hukatazwa mayai kwa hofu ya kuzaa mtoto asiye na nywele, au huambiwa ale kidogo ili mtoto awe mdogo na kuzaliwa kwake kuwe rahisi. Nywele za mtoto hazitokani na mayai aliyokula mama. Na mtoto anayezaliwa na uzito mdogo kwa sababu ya njaa ndiye anayekufa kwa urahisi. Katika mimba wingi wa damu ya mama huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, na damu hiyo haitengenezwi pasipo madini ya chuma na protini. Perege na kambale wa Kilombero, maharage, mboga za majani na mayai ndiyo malighafi yake. Vidonge vya madini ya chuma vitolewavyo kliniki visinywewe kwa chai, kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa; limau au chungwa husaidia.

Katika bonde la Kilombero hapana budi kutaja malaria. Vijidudu vyake, vikiwa ndani ya chembe nyekundu za damu, hunasa katika kondo la nyuma na kujificha humo. Mama aweza kujiona mzima huku kondo limejaa vijidudu na mtoto anakosa lishe. Mimba ya kwanza ndiyo huathirika zaidi, kwa sababu mwili haujawahi kukutana na aina hiyo ya vijidudu vinavyoshika kondo. Ndiyo maana mjamzito hupewa dawa ya SP kliniki hata kama haumwi, kuanzia kipindi cha pili cha mimba, kwa nafasi ya mwezi mmoja au zaidi kati ya dozi na dozi, na kulala ndani ya chandarua chenye dawa. Utafiti wa malaria bondeni una historia ndefu: maabara iliyoanzishwa Ifakara na Waswisi katika miaka ya 1950 ndiyo iliyokua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo.

Uchungu na homoni yake

Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale aliona kwamba maji yaliyotolewa katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huufanya mji wa mimba ujikaze. Mwaka 1953 Mmarekani Vincent du Vigneaud alifaulu kuitengeneza maabarani kemikali yenyewe, oksitosini, ambayo ni mnyororo mfupi wa asidi amino 9. Mwaka 1955 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Wanafunzi wa elimu-viumbe wamezoea kuona kwamba mwili hurekebisha mambo kwa kuyarudisha nyuma: joto likizidi, jasho hulipunguza. Uchungu wa uzazi huenda kinyume. Kichwa cha mtoto hukandamiza mlango wa kizazi. Mishipa ya fahamu hupeleka habari ubongoni. Oksitosini humwagika katika damu. Mji wa mimba hujikaza. Kichwa hukandamiza zaidi. Na oksitosini huongezeka tena. Mzunguko huo hukatika mtoto akishatoka. Kwa sababu hiyo uchungu wa kweli huongezeka nguvu na hukaribiana, wakati uchungu wa uongo hauna mpango, na aghalabu hutulia mama akipumzika.

Kutokana na nguvu ya mzunguko huo, dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu ni za kuogopwa. Baadhi yake kwa hakika hukaza mji wa mimba, lakini hakuna apimaye kiasi chake. Mji wa mimba ukikazwa kupita kiasi huweza kumnyima mtoto hewa, au hata kupasuka.

Saa ya kwanza baada ya kuzaa

Mwisho wa mimba, damu ipitayo katika mji wa mimba ni nusu lita au zaidi kila dakika. Kondo linapobanduka, vinywa vya mishipa hiyo hubaki wazi. Kinachoifunga ni msuli wenyewe: nyuzi zake zimepishana kama ukili wa mkeka, na zinapojikaza huibana mishipa iliyopita katikati yake. Msuli ukilegea, mama huweza kumaliza damu yake katika saa chache.

Hivyo mkunga hodari humpa mzazi sindano ya oksitosini, vipimo 10, mara mtoto azaliwapo. Dawa hiyo huharibika kwa joto, na kwa hiyo huhitaji kuhifadhiwa katika jokofu. Kumnyonyesha mtoto katika saa ya kwanza nako husaidia, kwani kunyonya humwaga oksitosini ya mama mwenyewe. Utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na kutangazwa mwaka 2023, ulionyesha jambo rahisi. Damu ilipopimwa kwa shuka la plastiki lenye alama za vipimo, badala ya kukisiwa kwa macho, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja mara moja, hatari ya kutokwa damu kupita kiasi na madhara yake makubwa ilipungua kwa asilimia 60.

Arobaini

Desturi ya kumpumzisha mzazi siku 40 imeenea katika Afrika Mashariki. Mji wa mimba, ambao kabla ya mimba huwa na uzito wa gramu 50 hadi 70, hufikia kilo moja hivi wakati wa kuzaa. Mara baada ya kuzaa huguswa karibu na kitovu. Kisha hushuka kadiri ya upana wa kidole kimoja kila siku, na baada ya wiki mbili hauguswi tena tumboni. Kurudi karibu na hali yake ya kwanza huchukua wiki 6, yaani siku 42. Wahenga hawakukosea hesabu.

Damu ya uzazi huwa nyekundu siku chache za mwanzo, halafu huwa ya hudhurungi, na mwishowe nyeupe. Maumivu ya tumbo wakati wa kunyonyesha, ambayo hasa huwapata waliokwisha kuzaa zaidi ya mara moja, ni oksitosini ikifanya kazi yake.

Kukanda kwa maji ya moto huliwaza misuli ya mgongo na miguu, lakini hakukamui damu kutoka mji wa mimba, na maji yakizidi moto huunguza. Kufunga tumbo kwa kanga humpa mama egemeo. Kukaza sana hakuharakishi kitu, bali hukandamiza misuli ya nyonga iliyochoka. Uji wa pilipili manga ni mzuri kwa kuwa una maji na wanga, ingawa kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara, usiku na mchana. Maziwa ya kwanza ya rangi ya manjano yasikamuliwe na kumwagwa: hayo ndiyo yenye kinga nyingi kuliko yote.

Homa, uchafu wenye harufu mbaya, damu inayoongezeka badala ya kupungua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kichwa kuuma sana: kila kimoja ni sababu ya kurudi kituoni bila kungoja arobaini itimie. Kadhalika, kulialia katika wiki ya kwanza ni kwa kawaida na hupita. Huzuni inayozidi wiki mbili ni ugonjwa, wala si uvivu au ukaidi, nayo hutibika.

Maneno yanayookoa

Msimu wa mvua jamaa nyingi za bondeni huhamia mashamba ya mpunga yaliyo mbali na vijiji, na kukaa katika vibanda vya shambani hadi mavuno. Maji yakijaa, njia hukatika. Mwanamke mwenye mimba ya miezi 8 aliyeko huko yuko mbali na msaada, hata kama zahanati ya kijiji chake ina dawa zote. Wataalamu hutaja kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. La tatu liko mikononi mwa waganga. La kwanza na la pili hutegemea sana kile ambacho wanawake, waume na wakwe zao wamekwisha kuambiana. Nani atabaki na watoto? Nauli imewekwa wapi? Mama atarudi kijijini wiki ngapi kabla?

Kwamba mazungumzo huokoa maisha limekwisha kupimwa. Katika wilaya ya Makwanpur, nchini Nepal, wanawake walikutana kila mwezi katika vikundi, wakiongozwa na mwenzao wa huko huko, wakijadili matatizo ya uzazi na kutafuta njia zao wenyewe za kuyatatua. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004: palipokuwa na vikundi walikufa watoto wachanga 26.2 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Pasipo vikundi, 36.9. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo.

Tanzania imepiga hatua. Kwa mujibu wa uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015–16, vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulipata 104, na asilimia 81 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Vilivyobaki ni vifo ambavyo vingi vyaweza kuzuilika.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi kazi hii: wakusanye, kwa heshima na ruhusa, shauri 10 wanazopeana kina mama wa kijiji chao, wazigawe katika mafungu matatu, yaani yenye faida, yasiyodhuru, na ya hatari, kisha waeleze sababu ya kila moja kwa elimu ya mwili. Wakimaliza, matokeo yasifungiwe kabatini. Yarudishwe kwa kina mama, kwa kuwa wao ndio wenye mazungumzo, na wao ndio watakaoyatumia.