Karantini ya samaki wa bahari

Karantini ya samaki wa bahari ni kipindi ambacho samaki wa mapambo aliyetoka kununuliwa hukaa katika tangi dogo la maji ya chumvi, mbali na samaki wengine, kabla ya kuhamishiwa tangi kuu. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Lengo linalofahamika zaidi ni kuzuia magonjwa. Kwa samaki mwoga kuna kazi ya pili isiyo ndogo kuliko hiyo: kumpa nafasi ya kutulia na kujifunza kula chakula ambacho hakukiona baharini. Samaki anaweza kumaliza karantini bila kidusia hata mmoja, akafa kwa njaa.

Neno lenyewe lilitoka Venice, nalo linahusu siku 40 ambazo meli zilisubirishwa wakati wa tauni. Muda huo hauko mbali na unaotumika kwa samaki.

Safari ya samaki

Samaki wengi wa mapambo wa maji baridi huzalishwa na wafugaji, lakini wengi wa baharini bado huvuliwa kwenye miamba ya matumbawe. Indonesia na Ufilipino huuza kwa wingi. Katika pwani ya Kenya pia kuna wavuvi wanaopiga mbizi na kuwakamata kwa vyavu vidogo ili wauzwe ng'ambo. Kabla ya kusafirishwa kwa ndege samaki hunyimwa chakula kwa siku moja au mbili ili wasichafue maji ya mfuko. Kwa hiyo samaki hufika akiwa na njaa, amechoka, na amepita mikononi mwa watu kadhaa.

Ndani ya mfuko uliofungwa, kabonidioksidi anayoitoa samaki huongeza asidi ya maji. Hali hiyo huifanya amonia iliyokusanyika isiwe na sumu kali. Mfuko ukifunguliwa, kabonidioksidi hutoka, asidi hupungua, na amonia ileile hugeuka kuwa hatari. Ndiyo maana si vizuri kumwacha samaki saa nyingi ndani ya mfuko uliofunguliwa huku maji mapya yakidondoshwa kidogo kidogo, kama wengi walivyozoea. Njia bora ni kupima chumvi ya maji ya mfuko, kuandaa maji ya karantini yenye chumvi ileile, kulinganisha joto, kisha kumhamisha samaki bila kumwaga maji ya mfuko tangini.

Tangi lenyewe

Kwa samaki mdogo, tangi la lita 40 hadi 100 hutosha. Huwa na hita, pampu ya hewa, kifuniko (samaki aliyeshtuka huruka nje) na chujio la sponji. Sponji hiyo iwekwe kwanza katika tangi kuu lenye samaki wazima kwa wiki kadhaa, ili ipate bakteria wanaovunja amonia. Sponji mpya kutoka dukani haina bakteria hao, na amonia hupanda katika siku zilezile ambazo samaki anahitaji utulivu.

Kwa kawaida mchanga na mawe havitumiki, kwa sababu hunyonya dawa ya shaba. Badala yake huwekwa vipande vya bomba la plastiki vya ukubwa tofauti. Samaki asiye na pa kujificha hajitokezi zaidi; hubanwa kwenye kona na kuhema. Mwenye maficho huthubutu kutoka, kwa kuwa anajua pa kurudi. Wale wanaolala kwa kujizika wawekewe bakuli la mchanga. Pande tatu za tangi zifunikwe kwa karatasi, na taa izimwe siku ya kwanza.

Kumfundisha kula

Siku ya kwanza samaki akikataa chakula si jambo la kushangaza. Kuanzia siku ya pili apewe kiasi kidogo sana mara mbili au tatu kwa siku, saa zilezile, na mlishaji asogee mbali. Mabaki yaondolewe kwa mpira mwembamba baada ya muda mfupi, maana yakioza huongeza amonia.

Chakula hai ndicho kinachowaamsha wengi. Artemia, jamaa mdogo wa kamba anayeishi katika maziwa ya chumvi, huogelea na kuvuta macho ya samaki. Lakini artemia pekee hawana lishe ya kutosha, hivyo huchanganywa polepole na uduvi wa kugandishwa hadi samaki awale uduvi bila kuhitaji kishawishi.

Aina nyingine zina desturi zake. Kangaja hula mimea, naye huanza kwa kudonoa kipande cha mwani mkavu kilichofungwa kwenye jiwe. Mfano mgumu ni Chelmon rostratus, kitatange mwenye mdomo mrefu kutoka Australia na kusini-mashariki mwa Asia. Baharini huchomoa minyoo na wadudu wa maji kwenye nyufa, na chakula kinachoelea hakimwambii chochote. Huwekewa chaza aliyefunguliwa, akiwa bado ndani ya gamba. Akizoea kudonoa, uduvi hupachikwa katika gamba hilo, na baadaye hutolewa majini. Mnunuzi wa samaki huyu asiridhike na maneno ya muuzaji. Aombe kumwona akila kabla ya kulipa.

Woga au ugonjwa?

Samaki mwoga hujificha, lakini hupumua taratibu na macho yake hufuata chakula. Anayehema haraka, akikaa juu ya maji au mbele ya mkondo wa pampu, huenda ana Amyloodinium, kidusia anayeshambulia matamvua na kuua kwa siku chache. Huyo hasubiriwi, atibiwe mara moja. Madoa meupe kama chembe za chumvi ni dalili ya Cryptocaryon irritans. Kidusia huyu hujilisha kwenye ngozi kwa siku kadhaa, kisha huanguka chini na kuzaliana ndani ya kifuko, hivyo madoa kutoweka si ushahidi wa kupona.

Shaba huua vidusia hao, lakini pia hupunguza hamu ya kula. Samaki asiye na dalili yoyote asitiwe dawa siku ya kwanza. Ni afadhali aanze kula kwanza, kisha shaba iongezwe kwa siku kadhaa huku ikipimwa.

Siku ya kuhamia tangi kuu, samaki mwoga huwekwa kwanza ndani ya kisanduku chenye matundu humo humo tangini. Wenyeji humzoea kwa siku chache bila kumgusa, naye hulishwa ndani yake hadi atakapofunguliwa, jioni, taa zikiwa zimezimwa.