Ulinganisho wa Viti vya Daraja la Biashara katika Ndege za Masafa Marefu
Tangu British Airways ilipoleta kitanda bapa katika daraja la biashara mwaka 2000, tatizo kuu si kulala tena bali ni kutoka kitini. Katika Boeing 787-8 za Kenya Airways, viti 30 vimepangwa 2-2-2. Abiria wa dirishani hulazimika kumruka jirani aliyelala. Mpangilio wa 2-3-2 katika baadhi ya Boeing 777 za Emirates huzidisha adha hiyo kwa kumbana mtu wa tatu katikati. Sababu si ufinyu: ghorofa ya juu ya A380, isiyoipita 777 kwa upana, ina 1-2-1 katika shirika hilohilo. Uhuru huo hugharimiwa na miguu, inayoingizwa chini ya meza ya kiti cha mbele.