Moyo wa Mdudu Uko Mgongoni

Moyo wa mdudu ni mrija mmoja mwembamba uliolala chini ya ngozi ya mgongo, kuanzia karibu na ncha ya tumbo hadi kichwani. Kwa kiwavi mwenye ngozi nyororo huonekana hata kwa macho, kama mstari unaojibana na kuachia. Mtaalamu wa Italia, Marcello Malpighi, aliueleza mrija huo mwaka 1669 alipochunguza nondo wa hariri.

Sehemu ya nyuma ya mrija ndiyo moyo wenyewe. Kwa mende ina vyumba 13, na ubavuni mwake mna vitundu vyenye vilango. Moyo ukitanuka, damu huingia kupitia vitundu hivyo. Ukijikaza, vilango hufunga na damu husukumwa mbele hadi kichwani, ikamwagika. Mishipa huishia hapo. Vena hakuna, kapilari hakuna. Damu hutiririka katikati ya utumbo, misuli na neva, mithili ya mchuzi unaozunguka nyama chunguni, kisha hurudi mgongoni. Vipapasio na mabawa yako mbali na mkondo huo, kwa hiyo yana vipampu vyake vidogo.

Damu hii huitwa hemolimfu. Haina rangi, au ni ya manjano au kijani hafifu, kwa sababu kwa kawaida haina hemoglobini. Haihitaji kubeba hewa: oksijeni huingia kwa matundu ya ubavuni na kufika kwenye seli kwa mirija yake yenyewe. Wekundu wa mbu aliyepondwa ukutani ni damu ya mtu au mnyama aliyeumwa, na ute mweupe wa mende aliyekanyagwa ni mafuta. Ndiyo maana pia mende aliyekatwa kichwa huweza kuishi siku kadhaa: presha ya damu yake ni ndogo, jeraha huganda, na pumzi haipitii kichwani.

Kazi ya hemolimfu ni kusafirisha chakula, homoni na taka, na seli zake hupambana na vijidudu. Taka huchujwa na mirija iliyopewa jina la Malpighi yuleyule. Kipepeo anapotoka kwenye pupa, mabawa yake huwa yamekunjamana. Huyajaza hemolimfu kwa nguvu mpaka yakanyooka, ndipo yakauka na kukakamaa.

Moyo wa mbu una jambo la ziada: hubadili mwelekeo, mara ukasukuma damu mbele, mara nyuma. Mkondo huo unamgusa binadamu moja kwa moja. Anopheles jike akimnyonya mgonjwa wa malaria, vimelea hukua kwenye ukuta wa tumbo lake. Vikipevuka humwagika ndani ya hemolimfu, nayo huvisambaza mwilini hadi vikaingia kwenye tezi za mate. Kuanzia hapo, mbu huyo anaweza kumwambukiza kila amwumaye.